Penang au Bali: kisiwa kipi kinaifaa pasipoti yetu na mshahara wetu

Binti wa shangazi yangu anaandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Ujerumani, mwaka wa pili sasa, akiwa chumbani kwake Dar es Salaam. Mshahara wake ukiubadili unakuja kama dola 2,300 kwa mwezi. Juzi kanitumia ujumbe: "Kaka, nimechoka na foleni ya Mbezi. Wewe umekaa huko visiwani. Niende Bali au Penang?" Chini yake video tatu, zote za Bali: bwawa la kuogelea, ngazi za mashamba ya mpunga, kijana wa Kizungu na kompyuta yake chini ya mnazi.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili. Nani anasikiliza sauti ya dakika kumi na mbili? Kwa hiyo nimeyaandika, na nimeyaandika kwa upana kidogo, maana si yeye peke yake anayeuliza. Nimekaa Penang, kisiwa cha Malaysia, karibu miaka miwili, na Bali, kisiwa cha Indonesia, miezi minne na ushee. Mimi ni mtu wa Tanga, na ninachokilinganisha hapa ni maisha ya mtu wa kwetu mwenye kazi ya mtandaoni. Mzee wa Australia anayekula pensheni yake Sanur, pwani ya Bali, ana hesabu nyingine kabisa.

Jibu la binti wa shangazi ni Penang. Lakini wapo ambao ningewaambia Bali bila kusita, nitawafikia.

Muhuri kwanza, mandhari baadaye

Indonesia ina kibali cha mwaka mmoja kwa anayefanya kazi ya mbali kwa mwajiri aliye nje ya nchi. Kinajulikana kwa namba yake, E33G. Kinakutaka uthibitishe kipato cha dola 60,000 kwa mwaka, yaani dola 5,000 kila mwezi. Malaysia nayo ina chake, DE Rantau, kilichoanza Oktoba 2022. Kinatolewa kwa miezi 3 hadi 12, na kinaweza kuongezwa miezi 12 mingine. Kwa watu wa kompyuta na kazi za kidijiti kinataka kipato kizidi dola 24,000 kwa mwaka. Ukiwa mhasibu au mwanasheria unayefanya kazi kwa mbali, kiwango kinapanda hadi dola 60,000, sawa na cha Indonesia, na hapo visiwa vyote viwili vinakuwa na mlango wa urefu mmoja.

Piga hesabu ya bibie: 2,300 mara 12 ni 27,600. Mlango mmoja anapita, mwingine anagonga kichwa. Ningeweza kuishia hapa.

Akanirudia: "Mbona watu kibao wanaishi Bali bila hicho kibali?" Kweli wapo. Wanaingia na viza ya siku 30 inayolipiwa uwanja wa ndege, rupia 500,000, wanaiongeza siku 30 nyingine, halafu wanatoka. Au wanachukua viza ya matembezi ya siku 60 inayoweza kurefushwa hadi 180. Wikendi moja Singapore, wanarudi, wanaanza upya. Kwa mwenye pasipoti ya Uholanzi mchezo huo ni usumbufu tu. Kwa pasipoti zetu kila safari ni mtihani mpya: tiketi ya kurudi iko wapi, hoteli gani, fedha kiasi gani, na mbona ulikuwa hapa mwezi uliopita. Ukizidisha siku, faini ni rupia milioni moja kwa kila siku, kama dola 60. Ukipitisha siku 60 za ziada hulipi tena faini, unafukuzwa na jina lako linawekwa kwenye orodha ya waliozuiwa kurudi. Usidhani Uhamiaji wa Bali wanalala, maana hufukuza Wazungu waliokutwa wakipiga picha za harusi kwa malipo au kufundisha yoga na viza ya matembezi.

Upande wa Malaysia kuna jambo ambalo video hazisemi kabisa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huingia bila viza kwa matembezi mafupi. Unajaza kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, basi. Maana yake unaweza kwenda ukakaa wiki mbili, ukanusa hewa, ukaangalia nyumba, ukala, kisha ukarudi nyumbani na kuomba kibali ukijua unachokiomba. Wanakijiji wanasema usinunue mbuzi aliye guniani.

(Kuna pia mpango wa Malaysia wa wakaazi wa muda mrefu, MM2H, ambao daraja lake liitwalo Silver linataka amana ya dola 150,000 benki na nyumba ya kununua juu yake. Kama unazo, huhitaji ushauri wangu.)

Na kwa kisiwa chochote, beba ile kadi ya njano. Nchi zote mbili hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na ukiunganisha ndege Nairobi, Entebbe au Addis Ababa usitake kubishana na mtu kaunta.

Haya yafuatayo hayahitaji maneno mengi:

| | Penang | Bali |
|---|---|---|
| Ukubwa | kama km² 293, kidogo kuliko Mafia | kama km² 5,600, zaidi ya Unguja mara tatu |
| Mahali | nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta | nyuzi 8 kusini, usawa wa kati ya Mafia na Kilwa |
| Saa | saa 5 mbele yetu | saa 5 mbele yetu |
| Mvua | karibu mwaka mzima, nzito Septemba hadi Novemba | Novemba hadi Machi. Kiangazi Aprili hadi Oktoba |
| Fedha | ringiti, karibu 4 kwa dola | rupia, 16,000 na ushee kwa dola |
| Barabara | upande wa kushoto | upande wa kushoto |
| Soketi | pini tatu bapa, kama zetu | pini mbili za mviringo |

Usicheke kuhusu soketi. Nilipotua Penang na begi moja, nikachomeka chaja yangu ya Tanga ukutani na taa ikawaka, nilijisikia nimefika kwa ndugu. Waingereza walituachia plagi moja.

Saa tano mbele zina faida kwa mwenye mwajiri Ulaya. Asubuhi ya Berlin, saa tatu, huku ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi chao na saa kumi jioni wakati wa baridi yao. Asubuhi yote ni yako. Lakini unamaliza kazi saa tano au sita usiku, na hapo swali ni nini kiko wazi. Penang kuna migahawa ya Wahindi Waislamu, wenyewe wanaiita *mamak*, ambayo mingi haifungi mlango usiku wala mchana. Ubud, kule Bali, saa nne usiku unasikia vyura tu.

Nyumba, na pale Penang inaponuka

Sitaki mtu aje kunilaumu baadaye, kwa hiyo nalisema wazi. Malaysia kuna matangazo ya nyumba yanayotaja kabila na rangi ya mpangaji anayetakiwa, hadharani, na Mwafrika mara nyingi ndiye wa kwanza kukatwa. Mara tatu dalali alinipigia siku moja kabla ya kwenda kuona nyumba: mwenye nyumba "amebadili mawazo". Mara ya nne alikuwa mkweli zaidi, akasema mwenye nyumba hataki watu kutoka Afrika. Ukipanda teksi, swali la kwanza ni "Nigeria?", na halikuulizwa kwa kuisifu Nigeria. Kuna sifa mbaya ya utapeli wa mtandaoni iliyopakazwa kwa bara zima, na wewe unayekuja na kompyuta yako na kazi isiyoonekana unaingia ndani ya rangi hiyo hiyo.

Kilichonisaidia si kubishana. Nilibeba kibali, barua ya mwajiri na taarifa ya benki ya miezi sita, nikatafuta nyumba maeneo ya Gelugor, karibu na Chuo Kikuu cha Sains Malaysia, ambako wenye nyumba wamezoea wanafunzi wa kila rangi. Mama wa Kichina mwenye nyumba alizisoma karatasi zangu zote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza kama napika samaki wa kunuka. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nifungue dirisha la jikoni. Tukaelewana mpaka siku naondoka.

Utaratibu wenyewe ni safi. Mkataba wa mwaka, unapigwa stempu ya kodi ya serikali, unalipa mwezi wa kwanza, amana ya miezi miwili, na nusu mwezi kwa ajili ya umeme na maji. Nyumba ya vyumba viwili ghorofani, yenye mlinzi na bwawa la pamoja, nilizipata za ringiti 1,300 hadi 1,800, yaani dola 325 hadi 450. Gurney Drive na Tanjung Tokong unalipia bahari na jina.

Bali hakuna aliyenikatalia nyumba. Hilo nalisema kwa haki. Walinishangaa, watoto walitaka picha, bibi mmoja alinishika nywele akacheka mpaka akakaa chini, lakini mlango haukufungwa. Tatizo la Bali ni namna ya kulipa: nyumba nzuri nyingi hudai kodi ya mwaka mzima mkononi, kabla hujajua kama jirani ana jogoo kumi wa kupiganisha. Chumba cha kupanga cha kawaida, *kos*, Denpasar, mji mkuu wa Bali, kinapatikana kwa rupia milioni 2 au 3 kwa mwezi, chini ya dola 200. Canggu, kule kunakopigwa zile video, nyumba yenye kibwawa chake ni milioni 20 na kuendelea. Umeme wa nyumba nyingi ni wa kununua tarakimu ishirini na kuziingiza kwenye mita. Mtu wa Luku hafundishwi.

Kununua ardhi Bali sahau. Mgeni haruhusiwi umiliki kamili, anakodi kwa miaka. Wanaoandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mke mwenyeji wa Bali, wengine hubaki na mke bila kiwanja, wengine bila vyote viwili.

Sahani

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Sahani ya kwanza niliyokula Penang ni *nasi lemak*. Ni wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai, pilipili, umefungwa kwenye jani la mgomba. Niliutazama ule wali nikajiuliza nimesafiri kwenda wapi hasa. *Roti canai* ni binamu wa chapati yetu ya kukunja, ila wao huitandaza kwa kuirusha hewani mpaka inakuwa kitambaa. Chai ya maziwa wanaimimina kutoka kikombe cha juu kwenda cha chini mpaka inatoka povu. Halafu kuna vitu ambavyo havina binamu kwetu: *assam laksa*, supu ya tambi na samaki iliyotiwa ukwaju mpaka inakukunja uso, na *char kway teow*, tambi bapa za kukaangwa kwa moto mkali na kamba. Mamantilie wa Penang hapiki vitu kumi. Anapika kimoja, miaka thelathini, na baba yake alipika hicho hicho. Kwa ringiti 8 au 10 unashiba, na kwa Mwislamu vibanda vya halali viko kila kona, ingawa vya Kichina vingi si halali, uliza kwanza.

Bali wana sahani nzuri pia. *Nasi campur* ni wali na vidogo vidogo kuuzunguka, na *tempe*, maharage ya soya yaliyochachushwa yakashikana kama keki, ni kitu nilichojifunza kukipenda. Lakini fahari ya kisiwa ni nguruwe mzima wa kuchoma, kwa hiyo Mwislamu hutafuta vibanda vya watu wa Java na migahawa ya Kipadang, yaani ya watu wa Padang, Sumatra. Huko Kipadang kuna mchicha fulani wa nazi wa kijani kibichi. Nikaonja. Kisamvu! Kisamvu cha nazi, Denpasar, saa saba mchana. Nilimwita mwenye mgahawa nikamwonyesha sahani kama mwehu.

Shida ya Bali kwenye chakula ni kwamba kuna visiwa viwili vya bei. Kibandani kwa wenyeji unakula kwa rupia 25,000 au 30,000, dola moja na nusu hadi mbili. Ukivuka barabara, mgahawa wa wageni unauza kikombe kimoja cha kahawa kwa bei inayozidi hiyo. Na kwa kuwa marafiki zako wapya watakuwa wageni, utajikuta upande wa pili wa barabara kila siku. Mimi Bali nilitumia fedha zaidi kuliko Penang, ingawa chumba changu kilikuwa cha bei ndogo.

Matunda ni sare. Shokishoki ziko kote, mafenesi kote, na doriani wa Balik Pulau, upande wa magharibi wa Penang, watu husafiri kutoka Singapore kumfuata. Ananuka mno, na hoteli nyingi zina kibandiko cha kumpiga marufuku mlangoni.

Ukiugua

Indonesia yenyewe inatoa jibu: watu wa Medan na miji mingine ya Sumatra hupanda ndege kwenda kutibiwa Penang. Ndege ni fupi, hospitali binafsi za George Town, mji mkuu wa Penang, zina madawati ya kuwapokea, na ukikaa chumba cha kusubiri nusu ya mazungumzo ni ya Kiindonesia. Kama mwenye nchi anavuka mlango wa bahari kwenda kutibiwa kwa jirani, mgeni ana sababu gani ya kubisha? Kweli Bali nayo inajenga. Sanur imetengwa eneo maalumu la tiba na mwaka 2025 ilifunguliwa hospitali kubwa ya kimataifa. Lakini Penang tayari imezoea.

Kidingapopo kiko visiwa vyote viwili, na mbu wake anauma mchana kama wa Dar. Bali ina jambo la ziada: kichaa cha mbwa, kilichoingia mwaka 2008 na hakijatoka. Mbwa wamejaa mitaani, nyani wamejaa mahekaluni, na wote wawili huuma watalii wanaotaka picha. Chanja kabla hujaenda.

Bali pia iko juu ya moto. Mlima Agung ulilipuka mwaka 1963 ukaua watu zaidi ya elfu moja, na ulipoamka tena mwaka 2017 uwanja wa ndege ulifungwa kwa majivu. Matetemeko madogo utayazoea. Penang imetulia ardhini, ingawa sunami ya Desemba 26, 2004 ilifika na kuua watu 52 kisiwani, ile ile iliyopiga mpaka pwani ya Somalia na yetu. Adha ya Penang ni moshi: miaka ya ukame misitu na mashamba ya Sumatra yanapochomwa, kama mwaka 2015, mbingu hugeuka rangi ya chai kwa wiki kadhaa. Mwenye pumu ajue hilo.

Barabarani

Bali huwezi kuishi bila pikipiki, labda uishi Sanur ambako kuna njia ya kutembea kando ya bahari. Hakuna treni, mabasi ya mji ni machache, na barabara za Canggu zilijengwa kwa ajili ya ng'ombe na maji ya mpunga. Mgeni anakodi pikipiki siku ya pili, siku ya tano ana bandeji gotini. Kama huna leseni ya pikipiki, bima yako haitalipa hata panadoli, soma masharti. Kuna mitaa ambayo madereva wa pale hawaruhusu dereva anayeitwa kwa programu ya simu kuchukua abiria, kwa hiyo utaita gari na halitakuja. Ukiwa umekulia kwenye vita vya bodaboda na bajaji hili halikushangazi.

Penang nilikaa bila chombo. Basi linakwenda uwanja wa ndege, linakwenda ufukweni, na katikati ya George Town kuna basi la bure kabisa. Kivuko kinavuka kwenda Butterworth, na ukishuka tu stesheni iko pale pale, treni ya umeme inakufikisha Kuala Lumpur kwa kama saa nne. Daraja la kwanza la kwenda bara lilifunguliwa mwaka 1985, la pili mwaka 2014 lenye urefu wa kilomita 24. Foleni ipo, sikatai. Si ya Mbezi.

Kwa ndege Bali inashinda: mashirika ya Dubai na Doha yanatua pale moja kwa moja. Penang kwa kawaida unabadilisha Kuala Lumpur au Singapore.

Jembe la siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bali hawakupi jembe. Wanakupenda, wanatabasamu, lakini maisha yao ya ndani yana uzio. Kila mtaa una *banjar*, baraza la familia za hapo, na kila familia ina zamu zake za hekaluni, za msiba, za harusi. Mwaka mzima kuna sherehe na wewe unazitazama kutoka kando ya barabara iliyofungwa kwa ajili ya maandamano. Usikanyage vile visahani vya majani na maua vinavyowekwa kila asubuhi chini mlangoni, ni sadaka. Majina utayajua haraka: Wayan, Made, Nyoman, Ketut, kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama Kulwa na Doto, halafu wa tano anarudi kuwa Wayan. Mtaani kwangu niliwajua akina Wayan sita. Na siku moja kwa mwaka, Nyepi, kisiwa kizima kinazimwa kwa saa 24: hakuna kutoka nje, hakuna taa, uwanja wa ndege umefungwa, intaneti ya simu imekatwa, walinzi wa kimila wanapita kuhakikisha. Mwajiri wako Mjerumani umweleze mapema, maana hatakuamini.

Ile Nyepi ndiyo siku bora niliyoishi Bali. Nilikaa barazani gizani nikaona nyota nilizoziacha Pangani.

Penang jembe wanakupa. Hawakubembelezi, mji ni wa biashara tangu mwaka 1786, Waingereza walipouanzisha, na umezoea watu wanaoshuka melini. Ndani ya mtaa mmoja wa George Town kuna kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, hekalu la Kichina, hekalu la Kihindu na msikiti wa Kapitan Keling wa mwaka 1801. Hatua chache kando, mtaa wa Acheh, kuna msikiti ulioanzishwa na sharifu mwenye asili ya Hadhramaut, na mtaa wenyewe uliitwa Jeddah ya pili kwa sababu mahujaji walipandia meli hapo. Mtu wa pwani atasimama hapo kidogo. Kaskazini ya Penang, ukiisha kupita Kedah, kuna jimbo dogo la Perlis, ambalo nyumba yake ya kifalme ni ya Jamalullail, ukoo ule ule wa kisharifu aliotoka Habib Swaleh aliyeanzisha msikiti wa Riyadha wa Lamu. Nilimsimulia hayo mzee mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Tangu siku hiyo akawa ananiwekea nafasi, na mwezi wa Ramadhani sikufuturu peke yangu hata mara moja. Hilo halikufuta yale ya madalali, lakini lilikuwepo pia.

Lugha inakupa nusu ya jembe, na hapa visiwa vyote viwili ni sawa maana Kimalay na Kiindonesia ni ndugu. *Apa khabar* ni habari gani. *Dunia* ni dunia, *sebab* ni sababu, *kertas* ni karatasi, *sabun* ni sabuni, *meja* ni meza, *bendera* ni bendera. Mwarabu na Mreno walipita kwao na kwetu wakiuza maneno yale yale. Mzungu anahangaika mwaka mzima na kile utakachokiokota wewe kwa miezi mitatu. Tofauti ni kwamba Bali nyumbani wanazungumza lugha yao wenyewe, Kibali, na Penang sokoni unakuta Kihokkien, Kitamil na Kiingereza vikigombana kwenye sentensi moja.

Bahari, kwa ufupi

Kama unafuata bahari, baki Diani au Paje. Maji ya Penang ni ya kijivu na yana yavuyavu, yale madude ya majini yanayowasha. Bali ina mawimbi makubwa kwa wanaoteleza na ubao, mchanga mweusi wa volkano upande mmoja na mweupe upande wa Uluwatu na Nusa Dua, na miezi ya mvua takataka za plastiki hujaa ufukwe wa Kuta. Machweo ya Bali ni mazuri kweli. Lakini hakuna kati ya hivyo viwili chenye maji ya kumtoa mtu wa Pemba kwao.

Basi nani aende Bali?

Aende anayelipwa dola 5,000 kwa mwezi au zaidi na anapata kile kibali cha mwaka. Aende anayetaka miezi miwili tu ya kupumua, na viza halali ya matembezi, bila kufungua kompyuta ya kazi. Aende mchoraji, mchongaji, mpiga gamelani, zile ala zao za shaba, kwa sababu kule sanaa ni kazi ya kila nyumba. Aende aliyechoka kuhukumiwa kwa rangi yake kabla hajafungua mdomo, maana mshangao wa Bali ni mwepesi kubeba kuliko shaka ya Malaysia. Jambo hilo nisingemdharaulia mtu. Mwenye watoto visiwa vyote vina shule za kimataifa, na ada yake vyote viwili itakuumiza.

Binti wa shangazi nimempangia hivi: atue Penang Januari au Februari, miezi yenye mvua kidogo, na mwaka wa Kichina ukiwa mitaani. Alale wiki mbili nyumba ya wageni ndani ya George Town. Siku za kazi apande basi kwenda Gelugor na Tanjung Bungah kuangalia nyumba, na karatasi zake kwenye faili. Asitume fedha kwa dalali yeyote kabla ya kushika kitasa cha mlango. Akikaa siku 182 au zaidi ndani ya mwaka atahesabiwa mkaazi kwa mambo ya kodi, kwa hiyo aonane na mhasibu mwezi wa kwanza, asisubiri wa saba. Bali aende likizo, Machi, aone Nyepi.

Amenijibu jana usiku kwa mstari mmoja: anauliza kama huko unga wa sembe unapatikana. Haupatikani kirahisi, bibie. Funga kilo tano kwenye begi, na mwiko.